Sindano ya ganzi Marekani: utalipa kiasi gani kwa bima uliyonayo

Mwaka jana jirani yangu, bibi wa miaka 71 aliyetoka Kivu zamani, alinigongea mlango ameshika bahasha. Alikuwa ametengenezwa goti na kurudi nyumbani siku ileile, na sasa hospitali ilikuwa imemwandikia. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mmoja: BUPIVACAINE LIPOSOME 1 MG, na pembeni yake namba 266.

"Mwanangu," akaniuliza, "mimi nilijua ni sindano ya ganzi tu. Hizi mia mbili sitini na sita walinidunga saa ngapi?"

Hakudungwa mara 266. Hapa Marekani dawa nyingi za sindano hospitalini huhesabiwa kwa vipimo vidogo vidogo, na hiyo huhesabiwa kwa miligramu moja moja. Chupa moja ya mililita 20 ina miligramu 266. Yaani ni chupa moja tu iliyofunguliwa, ila kwenye karatasi inaonekana kama mvua.

Nimefanya kazi ya bili za hospitali miaka kadhaa sasa, na bahasha za namna hii naletewa hata kwenye arusi. Kule nyumbani ukienda kung'oa jino unaambiwa bei moja, ganzi ikiwa humohumo. Huku ganzi inaweza kuwa bure kabisa, inaweza kuwa dola 70, inaweza kuja na bili ya mtu ambaye hukumbuki hata sura yake. Bima uliyonayo ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya hayo, lakini si yote.

Kwanza: dawa yenyewe kwa kawaida si ghali

Ganzi inayotumika zaidi ni lidokeini. Afrika Mashariki chupa zake mara nyingi zimeandikwa lignokeini; usibabaike, ni dawa ileile. Iligunduliwa Sweden mwaka 1943, kampuni nyingi zinaitengeneza, na hospitali huinunua kwa dola chache. Ndugu yake ni bupivakeini, ambayo hukaa mwilini saa nyingi zaidi. Hiyo, au ropivakeini, ndiyo inayopitishwa mgongoni mama anapojifungua. Nazo si ghali.

Ya ghali ni ile ya jirani yangu. Inaitwa Exparel. Ni bupivakeini iliyofungwa ndani ya vijipovu vya mafuta ili itoke polepole, na kazi yake ni kupunguza maumivu katika siku za mwanzo baada ya upasuaji ili mgonjwa asihitaji sana vidonge vya jamii ya afyuni. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Chupa kubwa inazidi dola 300. Nami nitasema wazi: tafiti zilizoilinganisha na bupivakeini ya kawaida hazikubaliani kama kweli inaishinda. Kwa hiyo si kosa kumuuliza daktari wa upasuaji, kwa heshima, kama ile ya kawaida haitatosha kwako.

Hatua ya 1: jua nani atakudunga, na mahali gani

Kabla hujafikiria bima, uliza mambo haya mawili.

Akikudunga daktari yuleyule anayekutibu, mfano anakushona kidonda, anakutoa kinundu cha ngozi, au anakudunga dawa ya goti iliyochanganywa na lidokeini, basi ganzi imo ndani ya bei ya kazi yake. Hairuhusiwi kuwa na mstari wake wa malipo ya kudunga, Medicare, bima ya serikali ya wazee, inakataa kabisa, na bima nyingi za binafsi zinafuata mkondo huo. Ukiona hospitali imeorodhesha chupa ya lidokeini kwa dola 40 usishtuke haraka. Mara nyingi mstari huo ni wa kumbukumbu tu, na bima hailipi peke yake.

Akikudunga mtaalamu wa usingizi na ganzi, hapo kuna bili nyingine. Huyu mara nyingi si mwajiriwa wa hospitali bali wa kundi lake, na hesabu yake ni ya peke yake: kila upasuaji una pointi za msingi, kisha huongezwa pointi ya muda, kwa kawaida moja kwa kila dakika 15, halafu jumla huzidishwa na bei ya pointi. Ndiyo maana upasuaji ukichelewa nusu saa, bili yake nayo inapanda.

Mahali ni jambo la pili, na watu wetu hulisahau. Sindano ileile ya mgongo, ikidungwa kwenye ofisi ya daktari, inakuja na bili moja. Ikidungwa kwenye kliniki ambayo kwa nje inafanana na ofisi lakini kwa sheria ni tawi la hospitali, inakuja na mbili: ya daktari na ya jengo. Hiyo ya jengo ndiyo inayoumiza. Uliza hivi: "Je, hapa nitatozwa ada ya hospitali?"

Hatua ya 2: tafuta bima yako hapa chini

*Bima ya kazini au ya soko la serikali (Marketplace)*

Kuna maneno matatu ya kuyatambua kwenye karatasi. "Deductible" ni kizingiti: kiasi unachobeba mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. "Copay" ni kiasi kisichobadilika unacholipa mapokezini. "Coinsurance" ni asilimia unayoendelea kuchangia baada ya kuvuka kizingiti. Juu ya yote kuna dari: kiasi cha juu kabisa unachoweza kulipa kwa mwaka. Kwa mipango mingi ya mwaka 2026 dari hiyo haiwezi kuzidi dola 10,600 kwa mtu mmoja, mradi ubaki kwa watoa huduma walio ndani ya mtandao wa bima yako, yaani wenye mkataba nayo.

Tufanye hesabu moja ya mfano. Kizingiti chako ni dola 2,000 na asilimia yako ni 20. Mwaka huu umeshalipa 300 kwenye kizingiti. Unafanyiwa upasuaji mdogo wa bega kwenye kituo cha upasuaji wa siku moja. Bei ambayo bima imekubaliana nao ni 3,000 za kituo, 900 za daktari na 600 za mtaalamu wa ganzi; jumla 4,500. Kwanza unamaliza kizingiti: 1,700. Zinabaki 2,800, na asilimia 20 yake ni 560. Jumla yako ni dola 2,260. Upasuaji huohuo ukiangukia Novemba, kizingiti ukiwa umeshakimaliza kwa ugonjwa mwingine, utalipa asilimia 20 ya 4,500, yaani 900. Kama bega linaweza kusubiri wiki kadhaa, tazama kalenda. Januari kila kitu kinaanza upya.

Angalia pia kwamba nimetumia bei iliyokubaliwa, si bei iliyoandikwa na hospitali. Hospitali inaweza kuandika dola 9,000 na bima ikaikata mpaka 3,000. Tofauti hiyo huidaiwi ukiwa ndani ya mtandao.

Na ile Exparel? Baadhi ya bima za binafsi huilipia peke yake, nyingine huihesabu ndani ya malipo ya kituo. Ikiwa imo ndani, wewe hulipi cha ziada. Ikilipiwa peke yake, inaingia kwenye hesabu kama mstari wa nne.

*Medicare*

Hii ni ya waliotimiza miaka 65 na baadhi ya wenye ulemavu. Ukilazwa rasmi hospitalini, dawa zote, ganzi zikiwamo, zimo ndani ya malipo ya kulazwa. Wewe unadaiwa kizingiti cha Sehemu A, ile ya kulazwa, ambacho mwaka 2026 ni dola 1,736, na hakuna mstari wa dawa ya ganzi wa kukusumbua. Lakini neno "rasmi" lina uzito. Unaweza kulala kitandani usiku mzima, ukaletewa uji asubuhi, na kwenye kompyuta ukawa umeandikwa kuwa uko chini ya uangalizi tu, yaani mgonjwa wa nje. Hapo unalipa kwa Sehemu B, ile ya madaktari na huduma za nje. Mwenye mgonjwa aulize mapema: "Amelazwa, au yuko kwenye uangalizi?"

Sehemu B mwaka 2026 ina kizingiti cha dola 283 kwa mwaka, kisha unachangia asilimia 20. Mtaalamu wa ganzi yuko humo.

Kuhusu Exparel kuna sheria mpya kidogo. Bunge la Marekani lilipitisha mwishoni mwa 2022 sheria inayoitwa NOPAIN, na kuanzia 1 Januari 2025 mpaka 31 Desemba 2027 Medicare inalipia peke yake dawa fulani za maumivu zisizo za afyuni, zinapotumika kwenye upasuaji wa mgonjwa wa nje hospitalini au kwenye kituo cha upasuaji wa siku moja. Exparel imo, na nambari yake ya bili tangu mwaka huo wa 2025 ni J0666. Kwa hospitali ni habari njema. Kwa mgonjwa ina maana kwamba mstari uliokuwa umefichwa sasa unaonekana, na asilimia 20 yake inakuhusu. Tuchukue dola 350 kwa chupa ili hesabu iwe nyepesi: sehemu yako ni dola 70.

Dola 70 hizo hulipwa na nani inategemea una nini juu ya Medicare. Ukiwa na bima ya nyongeza, ile ya Medigap, nyingi hulipa asilimia 20 yote. Ile maarufu ya herufi G hulipa yote isipokuwa kizingiti cha 283. Ukiwa na Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, sahau hesabu ya asilimia 20: tazama kijitabu chako, maana kila kampuni ina kiasi chake kwa upasuaji wa nje, na mara nyingi inataka kibali kabla.

Halafu kuna mpango ambao wazee wetu wengi wanao bila kuujua. Unaitwa QMB, na unatolewa kupitia Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa mwenye Medicare ambaye kipato chake ni kidogo. Mwenye QMB haruhusiwi kudaiwa kizingiti wala asilimia kwa huduma zinazolipiwa na Medicare. Ni marufuku ya sheria, si hisani ya mtu. Kama mzee wako ana kadi mbili, ile ya Medicare na ya Medicaid, piga simu ofisi ya Medicaid ya jimbo uulize neno hilo moja: QMB.

*Medicaid*

Hapa kwa kawaida ganzi haikugusi mfukoni. Majimbo yanaruhusiwa kutoza dola chache kwa baadhi ya huduma, ila huduma za dharura na za ujauzito hazitozwi, na watoto karibu wote wamesamehewa. Mtoa huduma aliyekubali Medicaid amekubali malipo yake kuwa mwisho. Hana haki ya kukuletea salio.

Meno ya watu wazima ni habari nyingine. Kila jimbo lina sheria yake: kuna linalolipia kila kitu, kuna linalolipia kung'oa tu. Kwa walio chini ya miaka 21 meno yamo, kila jimbo.

Wakimbizi wasome kwa makini hapa. Msaada wa matibabu wa mkimbizi mpya asiyestahili Medicaid ulikuwa miezi 12. Kwa wanaoanza kustahili kuanzia 5 Mei 2025 umekuwa miezi 4. Na sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 inasema kwamba kuanzia 1 Oktoba 2026, mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajapata green card, kwa jumla, hatastahili tena Medicaid ya kawaida inayolipiwa na serikali kuu. Umefikisha mwaka mmoja nchini? Peleka ombi la green card sasa, hata kama huna mpango wa kusafiri. Na kama una upasuaji uliopangwa, mwulize mfanyakazi wa kesi yako tarehe gani kadi yako inakoma, kisha panga upasuaji kabla ya hapo.

*Kujifungua na sindano ya mgongo*

Nimeitenga kwa sababu ndiyo sindano ya ganzi wanayoiuliza akina mama zaidi. Bili yake huja kutoka kwa kundi la usingizi, na nambari ya leba ni 01967. Leba ikigeuka kuwa upasuaji, inaongezwa 01968. Si kosa, wala si kutozwa mara mbili. Bima za kazini na za soko huihesabu kama huduma nyingine yoyote ya uzazi: kizingiti, kisha asilimia. Kwa wengi, leba ndiyo inayomaliza kizingiti cha mwaka. Medicaid ya wajawazito inailipa. Na mama asiye na karatasi za ukaazi, akiwa na kipato kidogo, leba na kujifungua huhesabiwa kuwa dharura, na Medicaid ya dharura inalipa. Usijifungulie nyumbani kwa kuogopa bili.

*Meno*

Ganzi ya kawaida ya daktari wa meno ina nambari D9215, na kwa karibu bima zote za meno imo ndani ya bei ya kuziba au kung'oa. Mfano: kuziba jino bei iliyokubaliwa ni dola 200, kizingiti 50, bima inalipa asilimia 80 ya kinachobaki. Wewe: 50, kisha asilimia 20 ya 150 ambayo ni 30. Jumla 80. Mstari wa D9215 unapaswa kusoma sifuri upande wako. Ukiona 45 pale, uliza.

Gesi ya kuchekesha na dawa za kukulaza si ganzi. Hizo hutozwa peke yake na mara nyingi bima haizilipi. Daktari wa meno akisema "tutakupa kitu cha kukutuliza", mkatize hapohapo umwulize ni kitu gani na ni kiasi gani.

*Umeumia kazini*

Umekatwa kisu kwenye kiwanda cha nyama au kidole kimebanwa ghalani, ukapigwa ganzi na kushonwa. Usitoe kadi ya Medicaid wala ya bima yako. Sema mapokezini kwamba ni ajali ya kazini, na mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kuanzia. Fidia ya wafanyakazi hulipa yote. Hakuna kizingiti, hakuna asilimia. Nimeona vijana wanaficha kwa kuogopa kufukuzwa, kisha wanalipa dola 1,800 za kushonwa ambazo hazikuwa zao kulipa.

*Huna bima, au ni mgeni wa viza*

Ukipangiwa huduma siku tatu za kazi kabla au zaidi, sheria inawalazimisha wakupe makadirio ya bei kwa maandishi. Huhitaji hata kusubiri miadi. Ukiomba, wanapaswa kukupa. Bili ikija ikiwa imezidi makadirio ya mtoa huduma huyo kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 za kufungua mgogoro, kwa ada ya dola 25. Hila iko hapa: makadirio ya hospitali mara nyingi hayamtaji mtaalamu wa ganzi. Omba jina la kundi lake na umwombe makadirio yake mwenyewe.

Kwa jino au kidonda kidogo, nenda kituo cha afya cha jamii kinachosaidiwa na serikali kuu. Vinatoza kulingana na kipato chako, na havikufukuzi kwa kukosa pesa. Vingi vina daktari wa meno. Mama yako aliyekuja kutembea kutoka Arusha na jino likaanza kumuuma anaweza kwenda huko. Bima yake ya safari, kama anayo, huenda ikarudisha pesa kwa maumivu ya ghafla tu; jino lililokuwa bovu tangu nyumbani watalikataa.

Hatua ya 3: piga simu kabla ya siku

Simu ni mbili: moja kwa ofisi ya daktari, moja kwa nambari iliyo nyuma ya kadi ya bima. Kama Kiingereza kinakupa shida, sema tu "Swahili" na usubiri. Mkalimani ni haki yako na ni bure, hospitalini na kwenye bima pia. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita. Kiswahili cha Bukavu si kile cha Mombasa, kwa hiyo mkalimani akisema neno usilolijua, msimamishe aeleze. Halipwi na wewe.

Kwa ofisi ya daktari uliza: nambari ya bili ya upasuaji ni ipi, utafanyika wapi, na huko ni tawi la hospitali au la, nani atatoa ganzi na kundi lake linaitwaje, mtatumia Exparel au bupivakeini ya kawaida.

Kwa bima, ukiwa na nambari hizo mkononi: je, kituo kiko ndani ya mtandao, je, kibali kinahitajika na kimeshaombwa, nimebakiza kiasi gani kwenye kizingiti, je, J0666 inalipwa peke yake au imo ndani. Andika jina la aliyekujibu, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu. Hiyo namba nitakuuliza baadaye ukiniletea bahasha.

Hatua ya 4: siku yenyewe, soma unachosaini

Tangu 1 Januari 2022 kuna sheria ya kuzuia bili za kushtukiza. Kama hospitali au kituo cha upasuaji kiko ndani ya mtandao wa bima yako ya binafsi, mtaalamu wa ganzi aliye nje ya mtandao hawezi kukudai zaidi ya ambacho ungelipa angekuwa ndani. Na kwa huduma ya ganzi haruhusiwi kukuomba usaini kuiacha kinga hiyo. Wakikuwekea karatasi ya namna hiyo saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa umevaa gauni la mgongo wazi na umefunga tangu jana, usisaini. Nambari ya malalamiko ni 1-800-985-3059.

Kinga hii ina mipaka. Ofisi ya kawaida ya daktari aliye nje ya mtandao haimo, wala kliniki ya meno kwa kawaida.

Hatua ya 5: bahasha zikija, usilipe ya kwanza

Karatasi ya kwanza huwa inatoka kwenye bima na imeandikwa juu kwamba si bili. Kweli si bili. Ihifadhi, isubiri ya hospitali, kisha ziweke mezani pamoja. Kiasi cha "unachodaiwa" kwenye zote mbili lazima kifanane. Kisipofanana, anza kwa kuamini ile ya bima.

Kisha omba bili ya mchanganuo, yenye kila mstari. Tazama haya:

- Exparel: 266 ni chupa moja kubwa, 133 ni chupa ndogo ya mililita 10. Ukiona 532, mtu alibonyeza mara mbili.
- Mistari miwili ya usingizi na ganzi, mmoja wa daktari na mmoja wa muuguzi bingwa, ikiwa na kiasi sawa. Watu hulalamika hapa kuliko popote. Mara nyingi ni halali: daktari alimsimamia muuguzi, na kila mmoja amelipwa nusu. Kosa ni pale kila mmoja alipodai nzima.
- Dakika. Linganisha muda uliotozwa na muda ulioandikwa kwenye rekodi ya chumba cha upasuaji. Una haki ya kupewa rekodi yako.

Hatua ya 6: bishana kwa utaratibu

Bima ya binafsi ikikataa kulipa, una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni; wakikataa tena, una miezi minne ya kuomba mkaguzi wa nje. Kwa Medicare ya asili ni siku 120 tangu upokee taarifa yao. Andika barua fupi na uambatishe barua ya daktari.

Kama tatizo si kosa bali ni kwamba huna pesa, omba fomu ya msaada wa kifedha. Kila hospitali isiyo ya faida ni lazima iwe na mpango huo, na unaweza kuomba mpaka siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Hospitali nyingi hufuta bili nzima kwa wenye kipato kidogo, lakini hawatakutangazia. Uliza pia kama msamaha unamhusu mtaalamu wa ganzi. Orodha ya wanaohusika na wasiohusika ni lazima iwepo. Wakati ombi linashughulikiwa, usikubali kuhamishia deni kwenye kadi ya mkopo ya matibabu wanayokusukumia dirishani. Ukishahamisha, deni si la hospitali tena, na msamaha hauna pa kushika.

Bibi wa Kivu tulimpigia simu siku ileile, mjukuu wake akiwa ameshika kadi zote mbili. Alikuwa na QMB tangu zamani. Hospitali ilikuwa imetuma bili bila kutazama kadi ya pili. Karani alikaa kimya kidogo, tukamsikia anabonyeza, kisha akasema salio ni sifuri na barua itakuja. Ilikuja baada ya wiki tatu. Bibi ameibandika kwenye friji, pembeni ya kalenda ya kanisa, na ile ya 266 ameiweka chini yake.